Vipimo vya Shangazi

Shangazi yangu alipofariki, nguo zake zilitandazwa juu ya mkeka siku ya kuanua matanga, kama ilivyo desturi ya kwetu, ili ndugu wagawane. Wanawake wa ukoo waliziinua moja moja, wakajipima mabegani, wakacheka kidogo kwa huzuni, wakazirudisha. Hakuna zilizomwenea. Gauni moja la shangazi lingewatosha wawili kati yao na kitambaa kikabaki. Mwishowe macho yote yakanigeukia mimi niliyekuwa nimekaa karibu na mlango, na mama mkubwa akasema, bila ubaya wowote, "Basi hizi mpeni mwenzake."

Nilikataa. Nilisema sizitaki, hata leso sichukui, nikatoka nje. Najua niliwaudhi. Lakini shangazi alikuwa mdogo wa mwisho wa baba, tumepishana miaka mitatu tu, na tangu utotoni watu walikuwa wakituchanganya. Mwili ule ule, shingo ile ile, hata kicheko. Tofauti yetu kubwa ilikuwa kwamba yeye alitumia mkono wa kushoto. Kiharusi kilimwangusha jikoni kwake asubuhi moja na hakuzungumza tena mpaka alipozikwa. Nilihisi kwamba nikivaa gauni lake moja tu, nitakuwa nimekubali kumfuata.

Miezi michache baadaye nilikwenda kliniki kwa sababu ya kichwa kilichokuwa kikinigonga kila jioni nikitoka kufundisha. Daktari, dada mpole mwenye sauti ya chini, alinifunga kile kitambaa cha kupimia presha, akakifungua, akakifunga tena mkono wa pili. Halafu akaniuliza kama katika familia yetu kuna mtu aliyewahi kupooza. Nikamwambia yupo. Nilisema "yupo," sikusema "alikuwepo," na sikujirekebisha.

"Presha imepanda na sukari imefika mlangoni," alisema. "Nakupa miezi mitatu. Utembee kwa haraka, saa nzima, kila siku. Zisiposhuka tutaanza vidonge, na siwezi kukuahidi kwamba vidonge peke yake vitatosha."

Miezi mitatu. Nilitoka pale nikiwa nimeamua, na anayenijua anajua nikiamua jambo nakuwa mkaidi kama punda. Jioni ile ile nilimpigia mwenyekiti wa kikundi cha jogging cha akina mama, wale wanaokutana uwanjani alfajiri na kuuzunguka mji mpaka upande wa Bombambili na kurudi. Mwenyekiti alinikaribisha kwa bashasha. Kulikuwa na sharti moja tu, sare. Traksuti ya bluu iliyokoza, kwa sababu kikundi kinapigwa picha kila Jumamosi, na anayekuja na nguo nyingine anaharibu picha.

Sare ziliagizwa Dar es Salaam. Yangu ilikuja na lebo ya eksieli tatu, nikafurahi. Suruali ilipanda mpaka chini kidogo ya goti, ikagoma. Mwenyekiti aliniangalia nikihangaika chooni kwake, mlango ukiwa nusu wazi, akasema, "Pole dada. Lakini hiyo ndiyo kubwa kabisa wanayoshona."

Nilikasirika, na sitaficha. Mtu anaambiwa atembee ili apungue, kisha anaambiwa hawezi kutembea mpaka awe na nguo, na nguo wameshonewa waliokwisha kupungua. Nilitamani kujua aliyekaa huko kiwandani na kuamua kwamba mwili unaishia hapo, je, sisi tunaobaki anadhani tunavaa nini? Au anadhani hatupo?

Nilizunguka mtaa wa Majengo siku tatu mfululizo baada ya kazi, duka kwa duka. "Size yako hatuna, mama," wengine walisema hata kabla sijafungua mdomo. Kijana mmoja alininyooshea taiti nyembamba, akaivuta kwa mikono miwili mpaka ikaonyesha mwanga, akaniapia kwamba ni fri saizi na inamfaa kila mtu. Katika duka moja kubwa la nguo za michezo walipanga midoli isiyo na vichwa mstari mmoja dirishani, imevaa suti nzuri za mazoezi. Niliingia nikaizunguka kwa nyuma kutafuta lebo. Nguo zote zilikuwa zimebanwa mgongoni kwa vibanio vya kuanikia, vitano, sita, saba. Hata midoli hazikuienea. Ilikuwa myembamba kuliko nguo. Nilisimama pale nyuma yake, mimi ninayepasua kila kitu na wao wasiojaza chochote, na kwa muda nilihisi kwamba wanasubiri nitoke ndipo wageuke. Msichana wa duka akauliza kama namtafutia binti yangu. Nikatoka.

Mitumba nako nilikwenda. Kubwa zilikuwepo, lakini za wanaume, zenye mapaja mapana na kiuno kisichofunga. Ndipo nikakata shauri la kumwendea fundi.

Fundi huyu ni mama mtu mzima aliyetushonea ukoo mzima tangu nikiwa msichana, magauni ya komunyo, sare za harusi, mpaka nguo za misiba. Cherehani yake iko kibarazani palepale Majengo, na sifa zake mji mzima ni mbili. Ya kwanza, anashona vizuri. Ya pili, ukimwuliza nguo yako iko wapi, atakwambia njoo kesho, na kesho hiyo inaweza kuzaa wajukuu. Nilinunua kitambaa cha bluu kinachovutika nikampelekea, nikiwa tayari kugombana.

"Shikamoo mama."

Hakuitikia mara moja. Alikuwa amenitazama nikipanda ngazi mbili za kibaraza, na miwani ikamteremka puani. Nilirudia.

"Marahaba," alisema. "Umekuja."

Nilimweleza ninachotaka. Alipokea kitambaa, akakipapasa, akakiweka mapajani. Tepu ya kupimia ilikuwa shingoni mwake na hakuigusa. Nilipoinua mikono ili anipime kifua, alitikisa kichwa. "Vipimo ninavyo. Njoo Alhamisi."

Nilidhani anazungumzia gauni alilonishonea miaka kadhaa nyuma kwenye harusi ya mdogo wangu. Na Alhamisi nilikwenda kwa kutimiza wajibu tu, sikutegemea kitu. Suti ilikuwa imening'inia mlangoni, imepigwa pasi, hata nyuzi zimekatwa. Katika miaka yote ya kumjua sikuwahi kumwona akimaliza nguo siku aliyosema. Nilipaswa kujiuliza. Sikujiuliza, kwa sababu nilikuwa nimeivaa tayari.

Ilinikaa vizuri mno. Mtu ambaye maisha yake yote ameingia dukani akatoka na nguo aliyoitaka hawezi kuelewa raha ile. Hakukuwa na pa kuvuta tumbo wala pa kushikilia. Nilikaa, nikainama, nikachuchumaa, nguo ikanifuata kama ngozi. Mambo mawili tu ndiyo sikuyaelewa. Suruali ilikuwa pana kwenye kifundo cha mguu wa kulia, lakini wa kushoto ulikuwa sawa. Na kulikuwa na mfuko mdogo ndani, kifuani, upande ambao mkono wangu wa kulia unaufikia kwa taabu. Sikuuomba. Nilidhani fundi amezeeka na macho yanampa shida, nikamlipa, nikaondoka nikiimba.

Nilianza wakati wa baridi, ile ya Songea ya mwezi wa sita, ukungu unaposhuka kutoka milima ya Matogoro na kukaa barabarani mpaka jua lichomoze. Tulikuwa kama wanawake ishirini na kitu. Mimi nilikuwa wa mwisho, na nilifurahi kuwa wa mwisho, kwa kuwa nilikuwepo. Wenzangu walikuwa wakitangulia mpaka nabaki nasikia raba zao tu mbele yangu kwenye weupe, kisha hata raba sizisikii.

Siku ya nne hivi nilisimama kwa bibi anayeuza uji karibu na kituo cha bodaboda. Nilimwamkia. Alinimiminia kikombe bila kuuliza, akaweka pembeni kopo la sukari.

"Mimi natumia kijiko kimoja, bibi."

"Ulikataza mwenyewe," alisema, akichochea sufuria. "Na mguu je, umepoa?"

"Mguu gani?"

Hapo ndipo aliponitazama usoni. Alinitazama kwa muda mrefu, kisha akaanza kufuta meza ambayo ilikuwa safi. Hela yangu aliikataa. Nilijiambia macho ya wazee na ukungu havipatani, nikaongeza mwendo niwafikie wenzangu.

Baada ya hapo yakawa mengi, madogo madogo, ambayo moja moja lisingemtisha mtu. Mama mmoja aliyekuwa akienda misa ya asubuhi aliniona kwa mbele, akafanya ishara ya msalaba, akavuka barabara. Mkono wangu wa kushoto ulianza kwenda wenyewe kwenye ule mfuko wa ndani, kana kwamba kuna kitu huko ninakihakikisha. Kila nilipouingiza nilikuta hakuna kitu. Kisha mwenyekiti akaniambia siku moja tukinyoosha viungo, "Dada, siku hizi unachechemea. Umeteguka?" Sikuwa nimeteguka. Jioni ile nilivua soksi nikaona kifundo cha mguu wa kulia kimevimba, kimejaa, kinang'aa. Nilivaa suruali ili nihakikishe. Ile nafasi niliyodhani ni kosa la fundi ilikuwa imejaa sawasawa.

Niliogopa. Niliketi kitandani nikiwa na suruali ile nikaogopa kama mtoto. Nilifikiria kuacha kutembea, lakini miezi mitatu ya daktari ilikuwa imebaki miwili, na nilijua nikiacha sitaanza tena. Kwa hiyo niliendelea kutoka kila alfajiri na nguo ile ile, kwa kuwa sikuwa na nyingine na mjini haikuwepo nyingine.

Jumapili moja mchana nilikwenda kumsalimia baba. Baba amezeeka lakini akili yake ni nzima, redio yake iko sikioni na habari za dunia nzima anazo. Ili kumfurahisha nilimpa simu aone picha za kikundi. Alizitazama taratibu, akaipeleka simu mbali na macho, akairudisha karibu. Alipofika picha ya Jumamosi ile, ambapo nimesimama mwisho wa mstari nikiwa nimegeuka upande, alitulia.

"Hii ya lini?" aliuliza.

"Ya jana, baba."

Hakunisikia, au hakutaka kunisikia. Alikuwa anatabasamu na macho yamemjaa machozi. "Kumbe alianza," alisema. "Mimi siku zote nilijua fundi hakumpa ile nguo. Kumbe alimpa, akaanza."

Nikamwuliza nguo gani. Akaniambia ile ya mazoezi, ile aliyokuwa akiisubiri. Nilichukua simu yangu kwa upole, nikamwambia mimi ndiye huyo pichani. Akanipapasa mkono, akasema, "Ndiyo, mwanangu, mnafanana sana," kwa namna ya mtu anayemridhisha mgonjwa.

Kesho yake saa saba mchana, watoto wakiwa wamekwenda kula, niliomba ruhusa shuleni. Nilikuwa na gauni langu la kazini na ndala za ngozi, na suti nilikuwa nimeiweka kwenye mfuko. Fundi alikuwa peke yake kibarazani. Nilimwamkia, nikaitoa suti, nikaiweka juu ya cherehani yake mbele ya sindano.

"Mama, hii ni ya nani?"

Aliondoa mguu kwenye kanyagio. Hakujifanya haelewi, na kwa hilo namheshimu.

"Alikuja hapa mwenyewe," alisema. "Aliambiwa kliniki atembee. Nikampima hapo hapo uliposimama. Akasema mama, huku kulia uniachie nafasi, mguu unavimba. Akasema na mfuko uweke huku ndani, kulia, mkono wangu wa kushoto uufikie, niweke rozari. Nikamwambia njoo kesho."

"Akaja?"

"Alikuja. Nikamwambia kesho. Zilikuwa siku za sare za shule, nimebanwa, kila mzazi ananishika shati. Nikaona yeye hana haraka, ni mtu wa kucheka tu yule, hagombi. Kila akija nampa kesho. Wiki sita, labda saba."

"Na muda wote huo alikuwa hatembei?"

Fundi alivua miwani. "Nilimwambia anza hata na gauni, dada. Akasema na mwili huu nikimbie na gauni watu wanione? Watanicheka mpaka Tunduru. Akasema ngoja nipate nguo kwanza, nikishapata naanza siku hiyo hiyo. Halafu nikasikia msiba."

Cherehani za majirani zilikuwa zikilia pande zote, na mimi nilikuwa nasikia ya huyu mmoja ikiwa kimya. Nilijua sasa shangazi alikufaje. Si fundi aliyemwua, wala kiwanda, wala wale wa kucheka. Alikaa tu nyumbani akisubiri suruali.

"Mimi nilikataa nguo zake," nilisema, na sauti yangu ilipanda. "Mbele ya ukoo mzima nilizikataa. Wewe ukanivika kwa siri!"

"Najua wewe ni wewe," alisema. "Sijachanganyikiwa. Lakini nilipokuona unapanda pale na kitambaa mkononi, niliona amerudi kuuliza. Sikuweza kumwambia kesho tena. Nikakata kwa vipimo vyake. Mikono ilikuwa inamshonea yeye. Nilitaka tu aitembee, mwanangu. Hata kidogo."

Alikuwa analia. Ningependa kusema nilimhurumia, na baadaye nilimhurumia, lakini saa ile nilikuwa na hasira na hofu tupu. Nilimwambia asimame anipime. Mimi, sasa hivi, na asome kwa sauti.

Alinipima. Alisoma kifua, akafungua daftari lake la zamani, akalinganisha na vipimo vya shangazi. Changu kilikuwa pungufu kwa inchi nne. Kiuno, pungufu. Nyonga, pungufu kwa inchi tano. Mabega yangu yalikuwa mapana kuliko ya shangazi. Kila namba aliyosoma ilikuwa nyingine, mwili wa mtu mwingine kabisa, nami nikawa napumua vizuri zaidi kila anaposoma. Akapiga magoti, akazungusha tepu kwenye kifundo cha mguu wa kulia. Akatazama. Akalitazama daftari. Hakusoma.

"Kama chake?" nikauliza.

Akaitikia kwa kichwa.

"Sasa kwa nini nguo yote inanikaa, mama, kama vipimo vyote ni tofauti?"

"Kitambaa kinavutika," alisema, lakini alisema akiwa hanitazami. Sisi wote wawili tunajua kitambaa kinachovutika hukaza kwa aliye mkubwa. Hakikazi kwa aliye mdogo.

Aliinuka akiwa ameshika kiti, akaikunja suti, akaitia kwenye kapu la nguo za kurekebisha. Uso wake ulirudi kuwa wa fundi, wa mtu mwenye kazi mbele yake. "Nitaipunguza kote, nautoa na mfuko. Itakuwa yako kweli. Wewe pumzisha huo mguu kwanza." Akatafuta chaki. "Njoo kesho."

Alilisema kwa upendo. Sina shaka hata kidogo kwamba alilisema kwa upendo.

Nilishuka ngazi zile mbili nikaanza kutembea. Siyo mwendo wa mtu anayerudi nyumbani. Ule wa daktari, mikono ikipiga, mchana kweupe, jua la saa nane utosini, katikati ya Majengo yote. Gauni la kazini lilinipanda mapajani, nikawa nalishusha huku natembea. Ndala zilipiga lami. Mguu wa kulia uliuma na niliuacha uume. Bodaboda wawili walipunguza mwendo kuniuliza kama nawahi msiba, nikawapungia mkono wapite. Midoli ya lile duka ilikuwa dirishani na sikuigeukia.

Mbele ya duka la simu walikuwa wamekaa vijana. Mmoja wao aliniona kwa mbali, akasimama kabisa ili aone vizuri, akapiga makofi. "Oyaa, mwalimu wetu huyo! Yule wa hesabu! Mwalimu, unakimbizwa na nani?" Nao wote wakaangua kicheko, mpaka mmoja akashika nguzo.

Kwa mwezi mzima barabarani watu walikuwa wakimwona shangazi. Hawa walikuwa wananicheka mimi. Nilimtambua yule kijana, nilimfundisha darasa la sita. Nikamwambia anisalimie vizuri, akaniamkia huku bado anacheka, nikaitikia marahaba bila kusimama, nikaongeza mwendo.